Makato ya mutuele: ulizeni pia dawa gani zimebaki

Wiki hizi, barua nyingi zinazonifikia hapa Lubumbashi zinagusa jambo moja: masharti mapya ya matibabu kwa wafanyakazi wa Serikali na wastaafu, na namna ya kuyajadili. Nimekuwa delege, yaani mjumbe, wa sendika (chama cha wafanyakazi) kwa miaka mingi. Najibu kama nilivyozoea kuwajibu wenzangu.

"Baba delege, mimi ni mwalimu, Katuba. Mutuele yetu, yaani mfuko wetu wa pamoja wa matibabu, inataka kupandisha makato kutoka faranga 5,000 hadi 8,000 kwa mwezi. Tukatae?"

Mama mwalimu, msianzie hapo. Nyongeza hiyo ni faranga 36,000 kwa mwaka, na inauma. Mshahara wa mwalimu naujua. Lakini fungueni kwanza orodha ya dawa ambazo mutuele inalipia. Tuseme unameza dawa ya presha ya faranga 20,000 kwa mwezi, na orodha mpya imeiondoa. Umepoteza 240,000 kwa mwaka, hata kama makato hayakupanda kabisa. Nimeona wajumbe wakibishania makato hadi usiku, wakatoka wakishangilia, na ukurasa wa wagonjwa wa sukari na presha hakuna aliyeusoma.

Kisha ombeni hesabu: zimeingia pesa ngapi, hospitali zimelipwa ngapi, zinadai ngapi. Hospitali iliyokaa miezi bila kulipwa humwambia mgonjwa mwenye kadi alete pesa taslimu. Kwa hiyo andikeni katika makubaliano siku ya mwisho ya kulipa hospitali. Nchi yetu, Kongo, ina sheria ya mutuele tangu Februari 2017, na mutuele ni ya wanachama wake. Kudai hesabu si ukosefu wa heshima. Ulizeni pia mtoto anahesabiwa hadi umri gani, na mjane anabaki na kadi kwa muda gani. Mambo hayo mawili husahaulika karibu kila mara.

"Nilitumikia kampuni ya Serikali miaka 31. Nilipostaafu, kadi ya hospitali ilikatwa mwezi uleule. Wana haki?"

Muzee wangu, jibu litakuchoma. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 178, inamlazimisha mwajiri kumtibu mfanyakazi na familia yake, ila hadi mwisho wa mkataba. Kustaafu ni mwisho wa mkataba. Kinachobaki kukulinda ni yale yaliyoandikwa katika makubaliano ya pamoja kati ya sendika na kampuni. Tafuta nakala ya makubaliano yaliyokuwa yakitumika siku uliyotoka, usome sehemu ya wastaafu. Ikiwa wametajwa, una msingi wa kudai. Wasipotajwa, nenda na wenzako kwa sendika kabla ya mazungumzo yajayo, mwombe kiti. Mstaafu hagomi, hasimamishi mashine, hivyo ni rahisi kukata kilicho chake ili kuokoa cha wengine. Katanga tumeliona hilo: mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na familia zilizozoea hospitali za kampuni zikalazimika kujitafutia matibabu.

"Mimi ni karani wa Serikali. Kifungu hicho cha 178 kinanihusu?"

Hapana. Mfanyakazi wa kudumu wa Serikali ana sheria yake, ya tarehe 15 Julai 2016, na pensheni yake iko chini ya CNSSAP, mfuko wa hifadhi ya jamii wa wafanyakazi wa Serikali. Usiingie kikaoni na Sheria ya Kazi mkononi. Upande wa pili watakujibu kwa sentensi moja, na utakuwa umepoteza asubuhi nzima.

"Serikali imeanzisha kuzaa bure. Tukubali uzazi uondolewe kwenye bima yetu?"

Msikubali. Mpango huo ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na unapanuliwa mkoa kwa mkoa. Unamhusu mama na mtoto mchanga. Wekeni neno hili: uzazi unabaki, na pale ambapo Serikali imelipa, mutuele hailipi mara ya pili.

"Nina miaka 27, siugui. Kwa nini pesa yangu iwatibu wazee?"

Mwanangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Likelemba unaijua: kila mmoja anatoa, na zamu yako unajua itafika lini. Bima ni likelemba ambayo zamu haijulikani. Inaweza kufika kesho kwa ajali ya pikipiki barabara ya kwenda Ruashi, au miaka 40 ijayo. Mkiwatoa wazee leo, makato yatashuka kidogo, kweli, na kifungu mlichoandika kitawangoja ninyi. Lakini una haki ya kudai wachangie nao: pendekeza mchango wao uwe sehemu fulani ya pensheni, si kiasi kimoja kwa wote, kwa sababu pensheni nyingine hazitoshi hata mfuko wa unga. Peleka pendekezo hilo kwa maandishi kwa delege wako kabla ya kikao. Likisemwa tu kwa mdomo, halitaingia katika ripoti.