Andiko la mfereji limerudishwa: anza na masharti ya mfadhili

Habari dada. Umesema andiko lenu la kuomba fedha za kukarabati mfereji wa Kibosho, mliloandikiwa na programu ya ChatGPT, limerudishwa kwa kuwa halionyeshi ni la wapi. Kwanza soma masharti ya mfadhili: NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, kwa mfano, tangu Septemba 2025 haipokei maombi yaliyotungwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba.

Kisha kaeni na wazee wa mfereji. Zamu za maji zikoje, nani hukosa kiangazi, banio (pale maji yanapoingizwa mferejini) limebomoka wapi? Andikeni wenyewe kwa Kiswahili, ndipo programu itafsiri na kufupisha. Ndivyo ninavyofanya hapa Moshi. Marejeo iliyoyaweka yafungue moja moja, maana hutunga vyanzo visivyokuwepo. Bajeti usiipe kabisa. Bei ya saruji iulizeni dukani.