Uliza Bwana Mifugo: Mtoto wa mbwa analia kizimbani usiku kucha

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Tunaishi Tabata, nyumba ya kupanga, wapangaji watatu ndani ya geti moja. Mume wangu ameleta mtoto wa mbwa wa miezi miwili, chotara wa German Shepherd, na watoto wamempa jina la Bosi. Tulisikia kwamba mbwa anafundishika upesi akiwa na kizimba, basi baba Neema akampa kazi fundi wa kuchomelea, akatengeneza kizimba kikubwa cha nondo ili Bosi akue nacho. Kipo uani, nyuma ya jiko. Tangu siku ya kwanza analia usiku kucha. Anakojoa kona moja, analala nyingine. Mama mkwe anasema apigwe ndala na asuguliwe pua kwenye mkojo wake. Baba Neema anasema tumwache alie mpaka achoke, mbwa wa ulinzi hadekezwi. Jirani ameshagonga ukuta. Mchana sote tuko kazini, anabaki na dada wa kazi ambaye anaogopa mbwa. Je, kizimba ni ukatili, au tunakosea mahali?
Mama Neema, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba Mama Neema. Kizimba chenyewe si ukatili. Tatizo ni pale mlipokiweka, na baba Neema asinikasirikie. Juzi tu Bosi alikuwa analala amelaliana na ndugu zake, mama yao pembeni. Leo yuko juu ya saruji, peke yake, gizani. Mtoto wa mbwa aliyebaki peke yake hulia ili mama asikie aje. Akinyamaza baada ya saa tatu za kulia, usidhani amezoea. Amekata tamaa tu, na kesho atakiogopa kizimba zaidi.

Usiku wa leo kihamishie chumbani kwenu, ubavuni mwa kitanda, karibu kiasi kwamba ukishusha mkono vidole vinafika kwenye nondo. Kama chumba hakitoshi, mmoja wenu atandike godoro sebuleni siku za mwanzo. Najua wengi wetu tumekuzwa tukijua mbwa ni wa nje, na huyu pia atakwenda nje. Akishazoea, mtakisogeza kidogo kidogo kuelekea mlangoni, kisha koridoni, mpaka kifike mnapotaka.

Sasa ukubwa. Mbwa hapendi kulala kwenye mkojo wake, na kizimba kinafundisha kwa kuitumia tabia hiyohiyo. Lakini ukimpa nafasi kubwa, anapata chumba na choo humohumo, kama Bosi alivyojipangia. Anatakiwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu, basi. Msimrudishe fundi. Chukueni kipande cha mbao kigawe kizimba, kifungwe kwa nje asikitafune, na mkisogeze nyuma kadiri anavyokua. Halafu pitisha kitambaa kikuukuu kwenye kila kiungo kilichochomelewa: kitambaa kikinasa, hapo pana ncha, pigeni tupa. Angalia pia kama kichwa chake kinapenya kati ya nondo. Kama kinapenya, kitakwama. Na kila anapoingia, mvue mkanda wa shingoni, maana mkanda ukinasa kwenye komeo mbwa anaweza kujinyonga.

Sasa kumwingiza. Msimsukume hata mara moja. Funga mlango kwa kamba ukae wazi, usije ukamgonga akauogopa. Chukua dagaa wakavu, wasiwe wa chumvi. Tupa mmoja mlangoni, mwingine ndani kidogo, mwingine mwisho kabisa, kisha endelea na shughuli zako kana kwamba hujamwona. Atanyoosha shingo huku miguu ya nyuma imebaki nje, atanyakua, atarudi mbio. Mwache. Baadaye ataingia mzima na kukutazama kama kuna wengine. Hapo anza kumwekea sahani ya chakula ndani kila mlo. Akishakula bila wasiwasi, rudisha mlango taratibu wakati anakula, na uufungue kabla hajamaliza. Siku nyingine uufungue baada ya kumaliza, siku nyingine dakika chache zaidi, wewe ukiwa umekaa hapohapo unachambua mchele. Mkiharakisha mkaona anarudi nyuma, rudini hatua moja.

Kwa vipindi virefu kidogo, paka uji mzito wa dona uliochanganywa na mchuzi wa dagaa kwenye sahani ya bati, aulambe. Kulamba kunamtuliza. Wengine hutumia siagi ya karanga. Sawa, ila soma kopo kwanza, kwani kuna za kutoka nje zenye kitamu kiitwacho xylitol, na hicho ni sumu kali kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa.

Usiku, mtoe akojoe mwisho kabisa kabla hamjalala, tuseme saa nne. Tega simu saa nane. Ikilia, mbebe mikononi mpaka nje, kwa sababu akitembea mwenyewe atakojoa njiani. Usiwashe taa zote, usimchezeshe. Simama mahali palepale pa kila siku, sema neno lilelile kwa sauti ya chini, "kojoa", na akimaliza tu mpe dagaa hapohapo. Ukimpa mkishaingia ndani, atadhani amelipwa kwa kurudi. Kisha kizimbani, kimya. Alfajiri tena. Wapo watakaokwambia umnyime maji kuanzia jioni. Kwa joto la Dar mimi sikubali, anywe mpaka karibu na kulala.

Akilia, jiulize kwanza alikuwa anafanya nini. Kama alikuwa usingizini akaamka analia, ni mkojo, mtoe haraka. Kama ametoka kukojoa sasa hivi na analia, anataka mtu, basi shusha vidole avinuse, usimfungulie. Lakini mkiona anatokwa mate mengi, anang'ata nondo mpaka fizi zinachubuka, anajirusha, hapo ana hofu. Mfungulieni, mwanze upya na mlango wazi.

Mchana, mtoto wa miezi miwili anaweza kubana mkojo kwa muda wa saa tatu ukikadiria sana, na mimi ningehesabu mbili. Kila mwezi wa umri ongeza kama saa moja, ila hata mbwa mkubwa asifungiwe kutwa nzima. Atolewe kila anapoamka, kila amalizapo kula, na kila amalizapo kucheza. Nani atafanya hivyo, Mama Neema, wakati ninyi mko kazini? Dada. Kwa hiyo mwalimu wa Bosi ni yeye, na kama hamjakaa naye mkazungumza, kazi yote ya usiku inapotea mchana. Asilazimishwe kumshika. Kama ni Mwislamu, huenda mate ya mbwa kwake ni najisi inayodai kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, hilo liheshimuni. Anaweza kuvuta komeo kwa kamba, akatupa dagaa kuelekea nje, Bosi akamfuata, akarudi kwa njia hiyohiyo. Anaogopa meno, lakini anayemtupia mnyama chakula kutwa hujikuta amezoeana naye bila kujua. Mwongezeeni na chochote, maana hii haikuwamo kwenye makubaliano yake.

Mama mkwe mpeni shikamoo yangu, lakini ndala ziwekwe mlangoni. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo na mkojo wa nusu saa iliyopita. Anachokiona ni kwamba watu hukasirika wakiwepo yeye na mkojo pamoja, basi kesho atakojoa nyuma ya kochi. Ukimkuta anakojoa sasa hivi, mbebe upeleke nje. Ukikuta kimebaki kidimbwi tu, chukua tambara. Osha kwa sabuni, kisha maji yenye siki kidogo, acha pakauke juani harufu itoke. Acha dawa zenye amonia, zinanuka kama mkojo na zitamwita arudi. Na usichanganye Jik na siki, mvuke wake unaumiza mapafu, yako na ya watoto.

Baba Neema sasa, maana naona hoja yake ndiyo kubwa hapo nyumbani. Nimeisikia miaka yote ya kazi: mfungie mbwa mchana, asione watu, atakuwa mkali. Anakuwa mwoga, na mwoga hung'ata yeyote, hasa mtoto aliyekimbia karibu yake. Kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 14 mtoto wa mbwa ndipo anajifunza kitu gani ni cha kawaida duniani. Bosi yuko katikati ya wiki hizo. Azione bodaboda, miavuli, watoto wa shule, muuza maji na mkokoteni, abebwe mikononi, asikanyage wanapopita mbwa wengine mpaka amalize chanjo, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, haina huruma. Chanjo hizo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida ni akifika miezi 3. Mbwa anayewajua watu wake na kulala kwa amani ndiye atakayebweka mgeni akigusa geti saa tisa usiku.

Joto. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, jasho lake ni la nyayo tu. Kizimba kiwe karibu na dirisha, kisipigwe jua saa yoyote. Kipande cha khanga upande mmoja kinampa utulivu, pande zote nne ni tanuri, na turubai la plastiki usilitumie kabisa. Akihema mfululizo na fizi zimekuwa nyekundu sana, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, mwite daktari wa mifugo.

Jirani mwambie mapema kwamba mnahamisha kizimba na mnaomba uvumilivu wa siku chache. Aliyeambiwa hagongi ukuta haraka.

Umeniandikia mengi ila hujasema kama Bosi amepewa dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo, na mwenye tumbo la kuharisha hawezi kubana chochote hata umfundishe vipi. Kama tumbo lake limetuna kama puto na mbavu zinahesabika, mpeleke kesho asubuhi, na uchukue na kinyesi kidogo kwenye kikopo chenye mfuniko.