Maswali ya Useremala: Bei ya Mshikaji

SWALI: Nimeajiriwa, ila jioni natengeneza vibao vya mninga vya kukatia mboga. Nilimpa rafiki kimoja kama zawadi ya harusi, sasa wenzake watatu wanataka kununua kwa "bei ya mshikaji". Sijui niwatajie ngapi, na kudai hela naona aibu. – Msomaji, Tanga

JIBU: Aibu itapungua ukishajua kibao kimoja kinakula shilingi ngapi.

Kibao cha sentimita 40 kwa 25 hutoka kwenye ubao wa inchi moja kwa sita: vipande viwili vya sentimita 42, vikiungwa ubavu kwa ubavu. Ukiondoa ncha zenye nyufa na kinachopotea kwa msumeno na randa, kila kibao kimekula mita moja. Ubao wa futi 12 utakupa vitatu. Hapa ndipo wengi hujipunja: wanahesabu mbao inayoonekana kwenye kibao, si mbao waliyoilipia.

Tuseme ubao huo ni shilingi 36,000, yaani 12,000 kwa kila kibao. Ongeza nauli 2,000. Gundi, msasa na mafuta 3,000. Kunoa na kuchakaa kwa vifaa 2,000. Jumla 19,000. Kazi yenyewe ni saa tatu: kukata na kuranda dakika 45, kuunga 30, kupiga msasa namba 80, 120, 180 kisha 240 dakika 75, kupaka mafuta 30. Ukiithamini saa moja kwa 5,000, ni 15,000. Umefika 34,000. Weka asilimia 10 ya vitakavyoharibika, unapata 37,400; taja 37,500. Badilisha tarakimu zangu kwa bei za kwenu, lakini usiruke kipengele hata kimoja.

Punguzo la urafiki likatwe kwenye ile 15,000 ya kazi yako, kamwe si kwenye 19,000, maana muuza mbao hakukupunguzia. Na liwe sawa kwa wote watatu, watalinganisha tu. Kabla ya kununua ubao, mwandikie kila mmoja: "Kibao cha mninga, 40 kwa 25, kimepakwa mafuta, si vanishi. Bei 37,500, kwako 32,000. Tuma 19,000 nianze. Kitakuwa tayari baada ya wiki tatu."

Kama hutaki kuuza, sema mapema kwamba unatengeneza vya zawadi tu. Ila ukishamuuzia mmoja, jibu hilo huwezi kulitumia tena.

SWALI: Kibao nilichomuuzia rafiki kimefunguka kwenye kiungo baada ya miezi miwili. Nimrudishie hela? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwanza tafuta chanzo. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa. Kibao cha jikoni kinataka ile isiyoyeyuka kwa maji. Chanzo cha pili ni mbao mbichi, hasa iliyotoka pwani kwenye unyevu ikaja kusinyaa kwenye hewa kavu ya Dodoma. Pima kipande kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ndipo ukate. Usipigilie vipande vya kukaza chini, kukatiza nyuzi za mbao: ubao unataka kusinyaa, misumari inauzuia, unapasuka.

Hayo yote ni makosa ya fundi, kwa hiyo tengeneza kingine bure. Lakini kama kililazwa usiku kucha kwenye beseni la vyombo, gharama ni yake. Ndiyo maana kila kibao kiondoke na maelekezo: kisilowekwe, kisimamishwe wima kikauke pande zote mbili, kipakwe mafuta kila mwezi. Mafuta ni ile parafini ya maji (liquid paraffin) ya duka la dawa, si mafuta ya taa. Ya alizeti huchacha na kunuka.

SWALI: Rafiki anasema ataleta mbao zake, nimtoze kazi tu. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kubali ukishaziona. Mbao kuukuu huficha misumari, na mmoja tu unatosha kuharibu kisu cha randa; pitisha sumaku juu yake yote. Mninga mpya uwe na risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kisha mwambie kabla hujakata: ufa ukijitokeza ndani ya mbao yake, hasara ya mbao ni yake, na saa ulizofanya kazi atazilipa.