Mwanangu alikuwa anauma wenzake, lakini aliyewekwa darasani ni mimi

Juzi mama mmoja wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, aliniandikia: "Mtoto wangu ana miaka minne. Anapiga wenzake, anavunja vitu, anakojoa kitandani. Fimbo haisaidii tena. Nifanye nini?" Nilisoma mara tatu. Ni kama alikuwa anaeleza nyumba yangu.

Mwisho wa Januari 2025, mabomu yalipokuwa yanalia hapa Goma, tulilala kwenye koridoo, watu sita, godoro moja. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Hakulia hata kidogo. Majirani wakamsifu kuwa ni jasiri, nami nikaamini. Shule ziliporudi, akaanza kuuma wenzake. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia mbele ya wazazi wengine: "Mama, huyu ana pepo, mpeleke kwa mchungaji." Niliondoka nimeinama kama mwizi. Mpaka leo nikikaribia lango lile navuka barabara.

Maombi tulifanya, viboko nilipiga. Mwishowe dada mmoja akanielekeza kwa mwanasaikolojia. Nilidhani atamchukua mtoto, amtibu, anirudishie. Yeye akatandika mkeka, akaweka beseni, mwanasesere wa kitambaa, vijiti na mawe madogo ya volkano, halafu akaniambia nikae chini mimi. Akanieleza kwamba njia hiyo, ya kumtibu mtoto kwa kumfundisha mzazi kucheza naye, ilianzishwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg kule Marekani miaka ya 1970, kwa watoto wa miaka 2 hadi 7. Mzazi anacheza na mtoto, mtaalamu anakaa nyuma ya kioo na kumwongoza kwa kifaa cha sikioni. Sisi hatukuwa na kioo. Alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, ananong'ona.

Kazi yenyewe: dakika 5 kila siku, mtoto ndiye anayeongoza mchezo. Usimwulize, usimwamuru, usimkosoe. Taja anachofanya, rudia maneno yake, sifu jambo unaloliona. Hata dakika haijaisha nilikuwa nimeshauliza: Hii nini? Rangi gani? Mbona unaiweka hapo? Nyuma yangu nikasikia: "Mama, nyamaza kidogo."

Wiki ya tatu mwanangu alipanga mawe yakawa kuta, akamlaza mwanasesere kwenye beseni, akamfunika kwa kitenge changu.

"Umemfunika," nikasema.

"Halali. Anajifanya amelala, ili mama yake asiogope."

Koo lilinibana. Sikuuliza kitu. Nikarudia tu: "Anajifanya amelala, ili mama yake asiogope." Akaja akaniegemea, akakaa hivyo mpaka dakika zetu zikapita.

Wazazi wenzangu, tunapiga watoto kwa sababu ya hofu tuliyoishi nao pamoja! Mtoto wa miaka minne hana maneno ya kukuambia, ana meno na ngumi. Wekeni fimbo chini. Akipiga mtu, mchezo unasimama palepale, bila kelele, na kesho dakika zake anazipata, hata kama leo amekosea. Zile dakika si zawadi wala adhabu.

Ilituchukua miezi. Kitanda kilikauka kwanza, kuuma kukafuata. Mlango ukibamizwa bado anashtuka.

Mama wa Ndosho, mtoto akijiumiza mwenyewe, akikataa kula au akiacha kusema, usibaki na ushauri wangu, mpeleke kwa mtaalamu haraka. Kama sivyo, anza leo jioni. Simu iache chumba kingine. Mkeka, beseni na mawe vinatosha, na mawe Goma hatuyanunui.