Kifaa chako cha Bluetooth kinachelewa kuunganishwa? Pima kwanza kinakwama wapi

Wengi wanaoniuliza kuhusu vifaa vya Bluetooth ya nishati ndogo huanza na swali moja: niweke chipu gani ili kiunganishwe haraka? Huwa nawaambia chipu waiache kwanza. Katika vifaa nilivyovishughulikia, kuanzia vihisi vya joto hadi makufuli ya milango, muda haupotei kwa sababu redio ni ya polepole. Unapotea katika kusubiriana: kifaa kinaita wakati simu haisikilizi, au simu inauliza maswali mengi mojamoja na kila jibu linangoja zamu yake.

Kwa hiyo kabla hujagusa mpangilio wowote, ifanye programu ya simu iandike muda wa matukio manne: ilipoanza kusikiliza, tangazo la kifaa (ujumbe mfupi wa kusema "nipo hapa") lilipoonekana, muunganisho ulipokubaliwa, na data ya kwanza yenye manufaa ilipofika. Ukiiona mistari hiyo minne, nusu ya kazi imekwisha, maana kila pengo lina dawa yake na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na pengo la kwanza, la kuonana. Kifaa hujitangaza kwenye chaneli 3 tu kati ya 40, nazo ni 37, 38 na 39, kwenye megahezi 2402, 2426 na 2480. Mwanya kati ya tangazo na tangazo kwa kawaida huwekwa popote kati ya milisekunde 20 na sekunde 10.24, na kila mara huongezewa muda wa kubahatisha usiozidi milisekunde 10 ili vifaa viwili visigongane mfululizo. Simu nayo, kwa kulinda betri, husikiliza kidogo kisha hunyamaza. Tuseme inasikiliza milisekunde 512 katika kila milisekunde 5120, na kifaa chako kinajitangaza mara moja kwa sekunde. Katika kila mzunguko una takriban nusu ya bahati ya kuonekana. Ukikosa, ni sekunde nyingine tano. Mtumiaji amesimama mlangoni, anabonyeza na kubonyeza, na kifaa kinapiga hodi mwenye nyumba akiwa usingizini.

Punguza mwanya wa matangazo hadi milisekunde 100 na kifaa kitaonekana katika dirisha la kwanza la kusikiliza, lakini bado simu inaweza kuchelewa karibu sekunde tano kabla ya kulifungua dirisha hilo. Ndiyo maana nasisitiza kurekebisha pande zote mbili. Programu ikiwa mbele ya macho ya mtumiaji, iambie simu isikilize mfululizo, na ikishakipata kifaa iache mara moja. Kwenye Android, angalia pia kigezo cha autoConnect: kikiwa kweli (true), simu hukisubiri kifaa taratibu chinichini, jambo linalofaa kwa kihisi kinachokuja na kuondoka, si kwa mtu anayengoja mlango ufunguke.

Na betri ya kifaa? Usijitangaze kwa kasi siku nzima. Jitangaze kwa kasi pale tu unapokuwa na sababu ya kuamini kuna mtu: kitufe kimebonyezwa, kifaa kimetikiswa, au muunganisho umekatika sasa hivi. Mwongozo wa Apple kwa watengenezaji wa vifaa unashauri mwanya wa milisekunde 20 kwa angalau sekunde 30 za mwanzo, kisha kuhamia kwenye mianya mirefu kama 152.5 au 1022.5. Naufuata hata kwa vifaa visivyolenga simu zao.

Pengo linalosahaulika zaidi ni lile la baada ya kuunganishwa. Skrini inasema tayari, lakini data haiji. Hapo simu inauliza kifaa kina huduma gani, kila huduma ina sifa zipi, na kadhalika. Swali la pili halitumwi mpaka la kwanza lijibiwe, na jibu kwa kawaida huja kwenye zamu inayofuata ya mazungumzo. Zamu zikipishana kwa milisekunde 50, maswali 20 yanakula sekunde nzima. Zikipishana kwa 15, ni sehemu tatu tu za kumi ya sekunde. Kiwango cha Bluetooth kwa kawaida kinaruhusu kushuka hadi milisekunde 7.5, ingawa simu ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kwenye Android omba kipaumbele cha juu kwa amri ya requestConnectionPriority mara tu unapounganishwa. Kifaa nacho kisipewe ruhusa ya kuruka zamu katika hatua hii. Kikiruhusiwa kuruka nne, swali moja linaweza kungoja zamu tano. Maswali yakiisha, rudisha mwanya mrefu kati ya zamu.

Bora zaidi ni kutouliza tena. Simu iliyooanishwa na kifaa inaweza kuhifadhi orodha ya huduma pamoja na ufunguo wa usimbaji, kwa hiyo safari ya pili inaruka hatua zote hizo. Sharti lake ni kwamba ukibadilisha huduma kwenye toleo jipya la programu ya kifaa, kifaa lazima kiiarifu simu, la sivyo itatumia orodha ya zamani na utapata hitilafu zisizoeleweka.

Wanaokimbilia kasi ya megabiti 2 iliyokuja na Bluetooth 5 mwaka 2016 nawaomba watulie. Inasaidia kuhamisha faili. Kuonana kwa kawaida bado hufanyika kwa megabiti 1, na kama unatuma amri ya baiti chache hutaona tofauti.

Kuna ucheleweshaji mmoja zaidi ambao nakuta watu wanaulaumu mtandao bure. Mtumiaji anaondoka na simu, anarudi baada ya sekunde chache, kifaa hakionekani. Kifaa bado kinaamini kimeunganishwa, kwa hiyo hakijitangazi, mpaka muda wa uangalizi uishe, yaani muda ambao kifaa husubiri bila kusikia kitu kabla ya kukubali kuwa muunganisho umekatika. Muda huo unaweza kuwa hadi sekunde 32. Uweke mfupi kadiri simu inavyokubali, ila uzidi mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao kifaa kinaruhusiwa kukaa kimya.

Na kama unachohitaji ni namba moja tu, tuseme joto la chumba, usiunganishe kabisa. Tangazo la kawaida lina nafasi ya baiti 31. Weka kipimo humo, simu itakisoma ikipita.