Boya la kioo la marehemu babu

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu babu yetu, mvuvi wa Kojani, ametuachia boya la kioo la kijani, ukubwa wa dafu, bado limo ndani ya wavu wake wa kamba. Lina maji kidogo ndani ingawa sioni tundu. Alituambia aliliokota pwani wakati wa kusi, na kwamba ni la Japani. Kaka anataka kuukata wavu na kulisugua kwa mchanga, akaliuze Mjini. Ni la Japani kweli?
Mjukuu, Kojani, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie kaka aweke kisu chini! Wavu huo ndio ushahidi wa kazi boya lililofanya, na wanaokusanya vitu hivi huutaka. Mchanga nao utalikwaruza bure. Lirowekeni katika maji baridi ya kisima chumvi itoke, kisha lianikeni kivulini.

Sasa litazame vizuri. Fundi alipolikata boya kwenye mrija wa kupulizia, palibaki tundu, akaliziba kwa tonge la kioo cha moto. Litafute tonge hilo. Pengine juu yake au kando yake pana chapa ya kiwanda kwa herufi za Kijapani. Pasipo na chapa msivunjike moyo, mengi hayana. Rangi ya kijani na vipovu ndani ya kioo ni dalili nzuri, kwani Wajapani walianza kuyatengeneza mnamo 1910, na kioo chenyewe mara nyingi kilikuwa cha chupa kuukuu za sake, pombe yao ya mchele. Lakini Wanorwe waliwatangulia tangu miaka ya 1840, kwa hiyo umbo pekee halitoshi.

Maji hayo yalipenya kwenye nyufa zisizoonekana, boya lilipovutwa kina kirefu. Msilitoboe.

Maneno ya babu nayaamini. Mengi huokotwa mbali, Alaska na Oregon, yakisukumwa na mikondo ya Pasifiki. Ila meli za Japani za kuvua jodari ziliingia Bahari ya Hindi mwaka 1952, na mishipi yao mirefu ilielea kwa maboya. Mkondo wa huku hutoka mashariki, ukifika Afrika hupanda kaskazini kupita visiwani kwetu, na wakati wa kusi huwa na nguvu zaidi.

Bei sitaji kabla sijalishika. Ningekuwa nyinyi nisingeliuza. Mkija nalo Mjini, lifungeni kwenye khanga mbili, mlipakate wenyewe botini, lisiwekwe kwenye mizigo.