Kwa nini wahitimu wa Central hujitaja kwa namba

Ndugu, umeuliza kwa nini mwenzako wa kazini aliyesoma Central High School, Philadelphia, hujiita "wa 260" badala ya kutaja mwaka aliomaliza. Hiyo ni namba ya darasa lake, yaani kundi la 260 kuhitimu pale.

Shule ilifunguliwa 1838, na kwa miaka mingi ilihitimisha vijana mara mbili kwa mwaka, Januari na Juni, hivyo mwaka peke yake usingetosha kuwatofautisha. Utaratibu huo ulikoma zamani, ila namba zikabaki. Wahitimu wawili wakikutana huulizana namba, na papo hapo anajulikana nani kamtangulia nani. Wasichana walianza kupokelewa 1983 kwa amri ya mahakama, nao wakaendelea na hesabu ileile. Mimi hilo hunigusa sana.

Sheria ya jimbo la Pennsylvania ya 1849 inairuhusu Central kutoa shahada, jambo adimu mno kwa sekondari.

Halafu kuna mechi ya Siku ya Shukrani dhidi ya shule pinzani ya Northeast, mpira wa Kimarekani. Mshindi huondoka na farasi wa mbao. Mwulize mwenzako kuhusu huyo farasi, atakusimulia mpaka jioni.